Gunia Lilipewa Bei, Ng'ombe Akapewa Karantini

Julai 1938 umati wa Wakamba ulitoka Machakos ukaingia Nairobi, ukapiga kambi na kukataa kuondoka mpaka gavana awasikilize. Kilichowatoa makwao ni ng'ombe. Serikali ya kikoloni ilidai kwamba mifugo ya Ukambani imezidi na inamaliza udongo, ikaanza kuitwaa kwa nguvu na kuipiga mnada kwa bei ya kutupa. Wakati huohuo kampuni ya Liebig's ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe wengi wa bei rahisi. Kiongozi wa waandamanaji, Muindi Mbingu, alikamatwa akahamishiwa Lamu. Hata hivyo msimamo wao ulizaa matunda, kwani serikali ililazimika kuachana na utwaaji ule.

Miaka hiyohiyo mlowezi wa Trans Nzoia na Uasin Gishu alikuwa akitendewa tofauti kabisa. Bei ya mahindi ilipoporomoka duniani mwanzoni mwa miaka ya 1930, serikali ilimkopesha, na mwaka 1931 ikamwanzishia Benki ya Ardhi. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, ilitungwa sheria ya kuongeza uzalishaji wa mazao: mlowezi aliyelima mahindi au ngano alihakikishiwa bei, na shamba likimwangusha alilipwa kiasi fulani kwa kila ekari. Mkulima Mwafrika alilipwa kidogo kuliko mlowezi kwa mahindi yaleyale. Mfugaji ndiye aliyekuwa chini kabisa: alitakiwa kutoa ng'ombe wa kulisha jeshi, kwa bei aliyoipanga mnunuzi.

Huo ndio mzizi wa jambo ambalo Kenya haijalimaliza hadi leo. Sera ya nafaka ilizaliwa ili kumkinga mkulima asianguke. Sera ya mifugo ilizaliwa ili kupunguza mifugo, kuizuia na kuichukua.

Mwaka 1950 iliundwa Tume ya Nyama ya Kenya, KMC, ikarithi kiwanda cha Athi River. Mfugaji wa kaskazini angetarajia kwamba sasa amepata soko. Alichokuta njiani ni karantini. Ng'ombe hawakuruhusiwa kushuka kusini mpaka wazuiliwe na kupimwa, kwa hofu ya homa ya mapafu. Ugonjwa huo upo na huua, hilo halina ubishi. Lakini ng'ombe anayezuiliwa majuma kadhaa penye nyasi haba hukonda, na akikonda bei yake hushuka. Gharama ya kulinda mazizi ya walowezi ikabebwa na mwenye ng'ombe wa Samburu na Wajir.

Uhuru haukuligeuza jambo hili. Waraka wa Bunge nambari 10 wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo zipelekwe pale zitakapozaa zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua na barabara. Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kame au nusu kame, na kwa kipimo hicho ikabaki nyuma. Kwa upande wa nafaka, mwaka mmoja kabla ya waraka huo kituo cha utafiti cha Kitale kilikuwa kimetoa mbegu chotara ya mahindi ya 611, na mavuno yakapanda. Mwaka 1979 bodi ya mahindi na bodi ya ngano ziliunganishwa, ikazaliwa Bodi ya Nafaka na Mazao, NCPB.

Tazama biashara hizi mbili zinavyofanyika. Kwenye ghala la bodi, mahindi hupimwa unyevu. Yakizidi asilimia 13.5 hurudishwa yakaanikwe. Kisha gunia la kilo 90 hupanda mzani, na bei inajulikana tangu nyumbani. Kwenye minada mingi ya kaskazini hakuna mzani. Mnunuzi humzunguka ng'ombe, humshika nundu, hukadiria kwa macho, kisha hutaja bei. Mwenye ng'ombe aliyetembea naye siku nzima akikataa, itambidi amrudishe njia ileile bila maji.

Tena gunia hulala ghalani likingoja bei. Ng'ombe hali ahadi; kila kukicha anataka nyasi. Mvua ikikosekana, mambo mawili humpata mfugaji kwa pamoja: ng'ombe wake hupungua bei kwa kukonda, na unga hupanda bei kwa kuadimika. Kwake yeye ng'ombe ndiye fedha za kununulia mahindi. Ndiyo maana uamuzi wa kupandisha bei ya gunia, ambao ni furaha Kitale, unaweza kuwa njaa Marsabit.

Sisemi mkulima wa nafaka anaishi raha. Amecheleweshewa malipo na bodi, amevamiwa na madalali, ameona mahindi ya nje yakiingia wakati ghala lake limejaa. Lakini hata soko la mahindi lilipofunguliwa rasmi mwaka 1993, NCPB ilibaki. KMC ilifungwa katika miaka hiyohiyo ya 1990, haikufufuliwa hadi 2006, na mwaka 2020 ikawekwa chini ya Wizara ya Ulinzi. Mwaka 2022 mbolea ya ruzuku iliuzwa shilingi 3,500 kwa mfuko wa kilo 50, nafuu kubwa kwa mwenye shamba. Wakati huohuo ukame wa misimu mfululizo uliua zaidi ya mifugo milioni 2.

Lipo la kupongezwa. Bima ya mifugo iliyoanza Marsabit mwaka 2010, ambayo hulipa kwa kupima ukijani wa malisho kwa setilaiti, ilichukuliwa na serikali mwaka 2015 ikaanzia Turkana na Wajir. Imethibitisha kwamba sera inaweza kubuniwa kwa kufuata maisha ya ng'ombe, si ya gunia.

Kazi iliyobaki ni kuifanya fikra hiyo kuwa kawaida. Kila bei ya mahindi inapotangazwa Nairobi, swali la kwanza liwe: mbuzi mmoja atanunua unga kiasi gani Wajir? Minada ipewe mizani, na ng'ombe wanunuliwe mwanzo wa kiangazi wakiwa bado na nyama. Mfugaji hajawahi kuomba upendeleo kuliko mkulima. Anadai kinga ileile ambayo mwenye gunia amekuwa nayo kwa zaidi ya miaka 80.