Bugobogobo: ngoma inayolima

Kwa Wasukuma wa Kanda ya Ziwa, Tanzania, bugobogobo ni ngoma ya wakulima. Kikundi huingia shambani, ngoma ikalia, na majembe yakapanda na kushuka kwa mapigo yake. Mchovu huinuliwa na wimbo. Mwenye haraka huwasubiri wenzake.

Siku hizi tunaiona zaidi kwenye harusi na mikutano, kwa malipo. Si vibaya, msanii naye ana familia. Ila fedha haipimi yote. Kwenye sherehe za Bulabo, Bujora, mkoani Mwanza, vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu hushindana, na anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Sifa hiyo hainunuliwi.

Ngoma ikibaki ya kukodiwa tu, vijana watajifunzia wapi kwenda pamoja? Msikilizaji, kijijini kwako ipi bado inafanya kazi?