Mkazo wa oksidishaji

Mjini Lubumbashi neno "stress" limekwisha kuingia katika Kiswahili chetu kwa mlango wa Kifaransa, na maana yake ni mawazo: kodi ya nyumba, mshahara uliochelewa, mtoto aliyefukuzwa shule kwa kukosa karo. Mgonjwa wa homa ya ini akimsikia daktari akitaja "stress oxydant", atadhani anashauriwa apumzishe kichwa. Ndiyo maana siridhiki na tafsiri ya "msongo wa oksijeni". Msongo tumeshauzoea kuwa wa akili, na oksijeni yenyewe haina kosa. Nachagua mkazo wa oksidishaji.

Kuoksidisha ni kunyang'anya elektroni. Shaba, ambayo tanuru la hapa lilianza kuiyeyusha mwaka 1911, hupoteza mng'aro ikiachwa hewani kwa sababu atomi zake hunyang'anywa elektroni. Katika seli, kazi hiyo hufanywa na molekuli kali zitokanazo na oksijeni. Seli yenye afya huzizalisha kila wakati, hasa kwenye mitokondria, na kuzizima. Mkazo huanza uzalishaji unapozidi uzimaji. Helmut Sies, mwanabiokemia Mjerumani, aliifafanua istilahi hii mwaka 1985 kwa msingi huo wa mizani iliyoelemea upande mmoja.

Virusi vya homa ya ini huielemeza mizani hiyo kwa njia kadhaa. Protini ya gamba la virusi C hujishikiza kwenye mitokondria, kalisi huingia humo kupita kiasi, na molekuli kali huongezeka. Protini X ya virusi B nayo huivuruga mitokondria. Isitoshe, virusi C hupunguza hepsidini, homoni inayodhibiti chuma mwilini. Chuma kikirundikana kwenye ini, hugeuza haidrojeni peroksidi kuwa radikali ya haidroksili, ambayo ni kali mno.

Seli nayo hujibu. Protini iitwayo Nrf2 kwa kawaida hushikwa na nyingine, Keap1, na kupelekwa kuvunjwa. Vioksidishaji vikiigusa Keap1, Nrf2 huponyoka, huingia kwenye kiini cha seli na kuziamsha jeni za ulinzi, zikiwemo zile za kutengeneza glutathioni, molekuli inayozizima zile kali. Kwa hiyo tafsiri ya "shambulio la oksidishaji" nayo haifai, maana inamtaja mshambuliaji peke yake. Katika mkazo yumo anayebana na yumo anayejikaza.

Mkazo ukidumu miaka, ini huota makovu na DNA huharibika, na saratani hupata njia. Uharibifu huo hupimika hata kwenye mkojo, kwa alama iitwayo 8-OHdG. Mwaka 2018 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake, wakiwemo wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti kuhusu Kasulo, mtaa wa Kolwezi uliogeuka machimbo ya kobalti. Mikojo ya watoto wa huko ilikuwa na kobalti nyingi, pamoja na dalili za DNA iliyooksidishwa. Kwa eneo letu la Katanga, basi, istilahi hii inahitajika kliniki na mgodini pia.

Jambo moja linanitia hofu: istilahi ikishasikika, wapo watakaoitumia kuuzia vidonge vya "kuzuia oksidishaji" kama tiba ya homa ya ini. Vidonge hivyo haviondoi virusi. Dawa za kumeza zinazovishambulia virusi C vyenyewe huponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa, kwa kawaida ndani ya wiki 8 hadi 12. Kwa virusi B, dawa zilizopo huvizuia visizaliane, na chanjo humkinga mtoto kabla havijamfikia.