Balaa lililoanzia kwa daktari

Visiwani kwetu tukisikia madawa ya kulevya tunawaza unga na vijana wa maskani. Marekani balaa lilianzia pengine kabisa, chumbani kwa daktari, na tamthilia ya Dopesick ya 2021 inalieleza hilo vizuri. Daktari wa mji mdogo wa wachimba makaa ya mawe, aliyechezwa na Michael Keaton, anamwandikia OxyContin msichana aliyeumia mgongo mgodini. Hana nia mbaya. Amemsikiliza muuzaji, na amesoma karatasi ya dawa.

Karatasi hiyo ndiyo iliyonikaa moyoni. Dawa iliidhinishwa mwishoni mwa 1995, ikaingia sokoni 1996 chini ya Purdue Pharma, kampuni ya ukoo wa Sackler. Ikaruhusiwa kuandikwa kuwa kwa sababu inaingia mwilini taratibu, inaaminika kupunguza hatari ya kutumiwa vibaya. Inaaminika na nani? Ofisa wa serikali aliyeipitia baadaye aliajiriwa na Purdue hiyo hiyo. Wauzaji nao wakawaambia madaktari kwamba wanaopata uraibu hawafiki asilimia 1, wakiegemea barua ya sentensi 5 iliyochapishwa katika jarida la tiba mwaka 1980. Barua ilihusu wagonjwa waliolazwa spitali, siyo mtu anayerudi nyumbani na kichupa chake. Dawa ya nchi nzima ikasimama juu ya barua fupi kama kadi ya mwaliko wa harusi!

Zikagawiwa kofia, midoli, hata kuponi za kupata dawa ya mwanzo bure. Mwaka 2007 kampuni mshirika ya Purdue na wakuu 3 walikiri kosa, wakatozwa mamilioni ya dola. Jela hakwenda mtu.

Daktari na msichana wa Dopesick ni wa kutungwa, na wote wawili wanaishia kutekwa na dawa. Painkiller, ya Netflix 2023, mimi naiona ina makelele na mzaha mwingi. Lakini kila sehemu inafunguliwa na mzazi wa kweli. Anasoma tangazo kwamba baadhi ya mambo yametungwa, kisha anaweka karatasi chini, anaonesha picha ya mwanawe aliyekufa, na kusema kwamba huyu hakutungwa.