Siku Kumi na Nne za Kungojea Kisu

Karantini ni desturi ya kale. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo huitwa Dubrovnik, uliamuru kwamba wageni watokao katika nchi zenye tauni wakae mahali pa mbali kwa siku 30 kabla ya kuruhusiwa kuingia. Baadaye siku hizo ziliongezwa zikawa 40, na kutokana na hesabu ya arobaini katika lugha ya Kitaliani ndipo lilipozaliwa neno karantini, ambalo lugha yetu nayo imelipokea. Mwaka 1423 watu wa Venice walitenga kisiwa kizima kwa kazi hiyo. Katika mambo yote hayo shabaha ilikuwa moja: mtu anayeshukiwa hutengwa ili mji upone.

Mwaka 2020 ilionekana karantini ya namna nyingine, ambayo hao wa kale wasingeitambua upesi. Watu wa nyumba nzima, wazima wa afya, wasioshukiwa kwa lolote, walijifungia mlango wao ili mtoto mmoja apate kupasuliwa salama. Mji haukuogopa nyumba; nyumba ndiyo iliyouogopa mji. Nitaieleza karantini hiyo kama ilivyokuwa Uingereza, maana huko amri zake ziliandikwa wazi, zikabadilishwa wazi.

Maradhi ya Korona yalipoenea, tarehe 17 Machi 2020 wakuu wa hospitali za serikali ya Uingereza waliandikiwa barua kwamba vitanda 30,000 au zaidi vipatikane kwa ajili ya wagonjwa wa maradhi hayo, na kwamba kila upasuaji uwezao kungojea usimamishwe, tena kwa muda usiopungua miezi mitatu. Wagonjwa wa ajali na wa saratani hawakuhesabiwa katika hao wa kungojea. Waliobaki wote waliambiwa wasubiri, na miongoni mwao walikuwamo watoto wengi: wenye ngiri, wenye mafindofindo yanayowaziba pumzi usiku, wenye midomo na kaakaa zilizopasuka tangu kuzaliwa.

Neno kungojea si zito sana kwa mtu mzima mwenye goti bovu, ijapokuwa goti humuuma. Kwa mtoto mchanga huwa zito. Kaakaa iliyopasuka hupendelewa ishonwe mtoto akiwa karibu na umri wa mwaka mmoja, kwa kuwa ndio wakati anapoanza kujifunza kutamka. Miezi sita ya kuahirisha ni nusu ya umri wake, na sauti anazojifunza kwa kaakaa yenye tundu hazisahihishiki kwa urahisi. Kwa hiyo mwezi wa Mei, hospitali zilipoanza kufungua tena vyumba vya upasuaji, hapakuwa na mzazi wa mtoto kama huyo aliyetaka kuambiwa asubiri zaidi.

Lakini madaktari walikuwa na hofu, na hofu yao haikuwa ya bure. Mwezi huohuo ilitangazwa habari ya wagonjwa 1,128 wa hospitali 235 katika nchi 24, waliopasuliwa hali wana virusi vya Korona mwilini. Nusu yao walipatwa na matatizo ya mapafu, na katika kila 100 walikufa karibu 24 kabla ya siku 30 kwisha. Ni kweli kwamba wengi wa hao walikuwa watu wazima, na kwamba watoto kwa kawaida waliugua Korona kwa wepesi. Hata hivyo, kumtia mtoto nusukaputi ni kuyashika mapafu yake mkononi, na daktari anayempitisha mpira kooni huvuta pumzi ile ile anayoitoa mtoto. Isitoshe, katika wodi ya watoto vitanda vya jirani huwa na wengine walio dhaifu kuliko yeye.

Tarehe 14 Mei 2020, kabla habari hiyo haijatangazwa, ulikuwa umetoka mwongozo. Mgonjwa wa upasuaji uliopangwa ajitenge nyumbani kwa siku 14 kabla ya kulazwa, pamoja na wote wanaokaa naye, na apimwe virusi katika saa 72 za mwisho. Siku 14 hazikuokotwa tu. Ulikuwa ndio muda mrefu uliokadiriwa kati ya mtu kuambukizwa na dalili kuonekana. Na kwa kuwa maradhi haya huambukiza hata kabla mwenye nayo hajakohoa, kumtazama mtu usoni hakukutosha.

Kwa nini nyumba nzima? Kwa sababu mtoto wa miaka mitatu hawezi kujitenga. Hulishwa, huogeshwa, hubebwa, hulala na mama yake. Mtu mzima aliweza kuingia chumbani na kuachiwa sahani mlangoni; mtoto aliwavuta wote ndani pamoja naye. Baba hakwenda kazini. Ndugu zake hawakwenda shule, ingawa tangu tarehe 1 Juni baadhi ya madarasa yalikwisha kufunguliwa tena. Chakula kililetwa na jirani au na gari la duka, kikawekwa kizingitini. Bibi aliyezoea kuja kusaidia hakuja. Na ikiwa siku ya kumi na mbili mmoja wao alipata homa, siku zote zilizotangulia zilikuwa zimepotea, na tarehe ya upasuaji nayo ikaondoka.

Msomaji wa Kenya, ambaye shule yake ilifungwa Machi 2020, pengine atasema kwamba kukaa ndani anakujua. Lakini kufungiwa pamoja na nchi nzima ni jambo moja. Kukaa ndani wakati majirani wamekwisha kuruhusiwa kutoka, kwa siku za kuhesabu, na mwisho wake uko kisu, ni jambo lingine.

Amri ilikuwa moja kwa wote, ila nyumba hazikuwa sawa. Karani awezaye kufanya kazi yake mezani kwake alipoteza machache. Dereva wa basi, mfagizi au mpishi hakuweza kuichukua kazi yake nyumbani. Malipo ya ugonjwa yaliyowekwa na sheria mwaka ule yalikuwa pauni 95.85 kwa juma, nayo ni kidogo katika nchi ile. Tena sheria hiyo haikumtaja mfanyakazi aliyeambiwa ajitenge kabla ya kupasuliwa mpaka tarehe 26 Agosti 2020, yaani baada ya miezi mitatu na zaidi tangu mwongozo kutoka. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye lawama. Aliyeandika siku 14 alifikiri juu ya mapafu, akafikiri vizuri. Mshahara wa juma aliuacha ufikiriwe na mwingine, na huyo mwingine akachelewa.

Mwongozo wenyewe haukudumu. Tarehe 27 Julai 2020 taasisi ya NICE, iwekayo taratibu za matibabu katika nchi ile, ilitoa mwingine: kwa siku 14 mgonjwa akae mbali na watu na kunawa mikono kwa uangalifu, apimwe katika siku tatu za mwisho, na kujitenga kabisa kuanze siku ya kupimwa. Waliokuwa katika hatari kubwa zaidi waliweza kushauriwa wajitenge kwa muda mrefu, hata siku 14. Kwa wengine majuma mawili ya kufunga mlango yakawa siku tatu.

Je, siku hizo 14 zilifaa? Swali hili halikuachwa kwenye maneno. Wapasuaji wa nchi 114 waliwahesabu wagonjwa 96,454 waliopasuliwa kwa kupangiwa mwezi wa Oktoba 2020, na hesabu yao ikatangazwa mwaka 2021. Kati ya hao, 26,948 walikuwa wamejitenga kwanza. Matatizo ya mapafu yaliwapata 2.1 katika kila 100 ya waliojitenga, na 2.0 katika kila 100 ya wasiojitenga. Tofauti za umri na maradhi mengine zilipoondolewa kwa hesabu, waliojitenga walionekana kuwa katika hatari iliyozidi kidogo, hasa wale waliozidisha siku tatu. Yawezekana, walisema, kwamba mwili uliokaa ndani bila kutembea huingia chumba cha upasuaji ukiwa umelegea. Hesabu hiyo haikufanywa kwa watoto peke yao, wala haithibitishi kwamba kujitenga kulimdhuru mtu fulani. Lakini kinga kubwa iliyotarajiwa haikuonekana humo.

Wapo wanaoisoma hesabu hiyo na kuwacheka walioandika mwongozo wa Mei. Mimi siwacheki. Wakati ule mbele yao palikuwa na hofu ya mapafu ya wagonjwa, na upande wa pili watoto ambao kaakaa zao hazikungoja. Hesabu ya wagonjwa 96,454 isingaliweza kufanywa kabla vyumba vya upasuaji havijafunguliwa, na vilifunguliwa kwanza kwa wale waliokubali kufunga milango ya nyumba zao.