Mkono wa Maombi na Mkono wa Tabibu: Magonjwa Katika Njia Zetu Tangu 1976

Katika gazeti hili la maadhimisho, wengine wanaeleza jinsi Injili ilivyovuka mipaka yetu. Mimi naandika juu ya kitu kingine kilichopita njia hizo hizo, yaani ugonjwa. Barabara inayomleta mhubiri ndiyo inayoleta homa, na kidudu cha ugonjwa hakionyeshi pasi mpakani.

Tuanzie kwetu. Mwezi wa sita 1976, katika mji wa Nzara karibu na mpaka wa Kongo, mtunza stoo wa kiwanda cha pamba alishikwa na homa kali, na siku chache baadaye akafariki. Wenzake wa kiwandani wakafuata. Ugonjwa ukasafiri mpaka Maridi, ukaingia hospitali, na huko ukapata nguvu. Hesabu ya mwisho ilikuwa wagonjwa 284: Nzara 67, Maridi 213, Tembura 3, na hapa Juba 1. Waliokufa ni 151. Karibu theluthi moja ya watumishi wa hospitali ya Maridi waliambukizwa, na 41 walipoteza maisha.

Kwa nini Maridi iliumia kuliko Nzara ulikoanzia? Kwa sababu wauguzi waliwahudumia wagonjwa bila vifaa vya kujikinga. Nyumbani nako jamaa waliwashika wagonjwa wao na kuwaosha wafu wao kwa mikono, kama desturi inavyotaka. Hawa hawakuwa watu wabaya. Walifanya kile ambacho mtu mwenye upendo anafanya, na ugonjwa ukapita humo humo.

Mwaka huo huo, upande wa Kongo, ambayo wakati ule iliitwa Zaire, hospitali ya misheni ya Yambuku ilipigwa vibaya zaidi. Watawa walitoa huduma kwa moyo safi, lakini sindano zilikuwa chache, na sindano moja ilichoma watu wengi. Wagonjwa walikuwa 318, wakafa 280. Ugonjwa ukapewa jina la mto Ebola. Baadaye wataalamu waligundua kwamba virusi vya Nzara na vya Yambuku ni vya ukoo mmoja lakini si vile vile.

Basi, nini kilizuia moto huu? Maridi, wagonjwa walitengwa, wauguzi wakapewa mavazi ya kujikinga, na nyumba zikatembelewa kutafuta wenye dalili. Yambuku, wazee wa vijiji walifunga njia kama walivyofanya zamani wakati wa ndui. Hospitali ilipofungwa, ile sindano iliyokuwa inasambaza ugonjwa nayo ikanyamaza.

Miaka 24 baadaye zamu ikawa ya Gulu. Kuanzia Oktoba 2000 watu 425 waliugua, na 224 wakafa. Waacholi wana jina la kale la pigo la namna hii, gemo, na wana sheria zake. Mgonjwa anawekwa nyumba ya peke yake, alama inasimamishwa nje ili wageni wasiingie, anahudumiwa na mtu aliyekwisha kuugua akapona, na ngoma zinasimama. Wazee walisema gemo ni roho. Sisi tuliookoka hatutaabudu roho hiyo. Lakini tuwe wakweli, sheria zile zilifanana sana na maagizo ya madaktari, na pia zinafanana na Walawi sura ya 13. Katika hospitali ya Lacor, Dkt. Matthew Lukwiya aliongoza mapambano hayo mpaka yeye mwenyewe akaambukizwa, akafariki tarehe 5 Desemba 2000. Kila nikifundisha juu ya mchungaji anayeutoa uhai wake, namkumbuka daktari huyo.

Sasa turudi Juba. Tarehe 15 Mei 2014 serikali ilitangaza kipindupindu. Vita ya Desemba 2013 ilikuwa imejaza watu kambini, na mtaani wengi walikunywa maji ya mto yanayoletwa na matanki na kumwagwa kwenye mapipa. Mtu anaanza kuharisha jioni, asubuhi hayuko. Hapa kwetu mtu akifa ghafla hivyo, neno la kwanza ni sumu, la pili ni uchawi. Familia inaanza kutafuta adui kumbe adui yuko ndani ya pipa. Mwaka ule, nchi nzima ilihesabu wagonjwa zaidi ya 6,400 na vifo 167. Na dawa yenyewe ni kitu kidogo: kumrudishia mgonjwa maji na chumvi upesi. Kama huna pakiti ya kliniki, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe kidogo kidogo huku mnampeleka. Kipindupindu kiliporudi Juba mwaka 2015, chanjo ilikuwa haba duniani, kwa hiyo watu walipewa dozi moja badala ya mbili, na hiyo moja ilisaidia wengi.

Jambo la mwisho linatugusa sisi watumishi moja kwa moja. Julai 2019, Ebola ikiwa inaua Kivu Kaskazini, mchungaji mmoja alitoka Goma kwenda Butembo. Alihubiri makanisani na kuwawekea wagonjwa mikono. Akarudi Goma kwa basi akiwa tayari anaumwa, akawa mgonjwa wa kwanza wa Ebola katika mji ule mkubwa, na baada ya siku chache akafariki. Simtaji kwa kumlaumu. Alifanya kazi ile ile ninayoifanya mimi kila mkutano. Ndiyo maana habari yake isisahaulike kati yetu.

Wapo wanaosema kwenda kwa daktari ni upungufu wa imani. Nawauliza: Hezekia aliomba akalia, na Mungu akamwongezea miaka 15. Kwa nini basi Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake? Luka alikuwa tabibu, na Paulo alisafiri naye. Na yule mkoma aliyeguswa na Yesu mwenyewe alitumwa kwa kuhani akaangaliwe. Alikuwa amepona kweli, lakini bado aliambiwa aende akapimwe.

Kwa hiyo tunapoingia miaka mingine ya ushirika huu, naomba tukubaliane mambo manne. Kwanza, maji na sabuni viwe mlangoni pa kila mkutano. Pili, wakati wa mlipuko tuombee bila kugusana. Yesu alisema neno tu, na mtumishi wa akida akapona akiwa mbali. Tatu, asiwepo mtumishi wa kumwambia mtu aache dawa. Vidonge vya kifua kikuu ni vya miezi sita au zaidi, na mgonjwa anajisikia nafuu mapema sana. Akiacha, ugonjwa unarudi na ukaidi. Mwenye ushuhuda wa uponyaji aende kwanza hospitali akapimwe, ndipo apande madhabahuni. Nne, mchungaji awe wa kwanza kuisaidia familia kukubali mazishi salama, maana wakati wa msiba wanamsikiliza yeye kuliko afisa wa afya.

Tuliowazika Maridi, Yambuku, Gulu na Juba wengi wao walikuwa waombaji. Tuwaheshimu kwa kuwalinda wale waliobaki.