Kaseti Nyekundu: Doom Iliposhindiliwa Ndani ya Super Nintendo

Kaseti nyingi za Super Nintendo zilizouzwa Marekani zilikuwa za kijivu. Ile ya Doom, iliyotoka mwaka 1995, ilikuwa nyekundu kama damu. Ukiichomeka leo, kasoro ndizo zitakazokupokea. Picha haijai kioo, mwendo unakwamakwama, na sakafu na dari ni rangi tupu, kama nyumba iliyohamiwa kabla ya kumalizika. Kwa miaka mingi wapenzi wa gemu wameitaja kwa dharau. Naamini wameionea, na historia yake inaonyesha kwa nini.

Doom yenyewe ilizaliwa Desemba 1993, kazi ya kampuni ya id Software ya Texas. Ilitengenezwa kwa kompyuta zenye prosesa ya 386 na RAM ya megabaiti 4. Mchezaji aliona kila kitu kwa macho ya askari aliyebaki peke yake katika vituo vya miezi ya sayari ya Mirihi, akipambana na mashetani. Super Nintendo ilikuwa mashine ya 1990. Prosesa yake haikufika megahezi 4, na RAM yake ilikuwa kilobaiti 128, yaani sehemu moja kati ya 32 ya ile iliyohitajika. Iliundwa kusogeza picha bapa, kushoto na kulia, juu na chini. Kuchora ukumbi wenye kina hakukuwa kazi yake.

Hata hivyo, Doom ilikuwa na deni kwa mashine hiyo. Mwaka 1993, Doom ikiwa bado jikoni, id ililazimika kuihamishia Super Nintendo gemu yake ya awali, Wolfenstein 3D. Mashine ikashindwa kuchora kuta kwa kasi inayofaa. John Carmack, mtaalamu mkuu wa programu wa id, akaamua kuigawa ramani vipande vipande mapema, ili mashine ijue papo hapo ukuta upi uko mbele na upi umefichika. Mbinu hiyohiyo ikawa uti wa mgongo wa Doom.

Aliyeirudisha Doom kwenye Super Nintendo ni Randy Linden, na alianza peke yake, bila kuagizwa na mtu. Tumaini lake lilikuwa Super FX, chipu iliyobuniwa na kampuni ya Argonaut ya London na kuwekwa ndani ya kaseti ya Star Fox mwaka 1993. Vifaa vya kuitengenezea programu hakuwa navyo, akajiundia vyake. Aliandika mwenyewe programu za kugeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, za kuunganisha vipande vyake na za kusaka makosa. Akaifungua kaseti ya Star Fox na kuigeuza kitanda cha majaribio, kisha akachukua padi mbili za kuchezea na kuziunganisha na kompyuta yake ya Amiga, ili kompyuta na mashine ziweze kuzungumza. Msimbo wa id hakuwa nao. Injini ya gemu aliiandika upya. Ilipoanza kutembea ndipo alipoipeleka Sculptured Software, kampuni ya Salt Lake City, na wenzake huko wakasaidia kuimaliza kabla ya msimu wa sikukuu.

Hapo ndipo kasoro zinapopata maelezo. Super FX 2, toleo lililotumika, lilikwenda kwa megahezi 21, na kaseti ilibeba megabaiti 2 tu. Kuchora mawe na vigae vya sakafu kunadai hesabu kwa kila nukta ya picha, hivyo sakafu ikaachwa tupu. Kwenye kompyuta kila shetani alichorwa kutoka pande kadhaa; hapa picha za mbele tu ndizo zilizobaki, kwa hiyo kila adui anakutazama hata akiwa amekupa mgongo. Hatua 27 zikapungua hadi 22. Kwa kumbukumbu ya Linden, kaseti ilipokamilika zilibaki baiti kama 16, nafasi isiyotosha hata sentensi hii.

Lakini tazama kilichookolewa. Matoleo ya Atari Jaguar na Sega 32X, mashine zenye nguvu zaidi, yaliwaacha nje Cyberdemon na Spider Mastermind, vigogo wawili wa mwisho. Kaseti nyekundu inao wote wawili. Ramani zake zinafuata zile za kompyuta kwa karibu kuliko za Jaguar. Linden aliweka hata uwezo wa watu wawili kupambana kupitia simu, kwa modemu ya XBAND.

Kosa moja silitetei. Gemu haihifadhi ulipofika, wala haitoi neno la siri la kukurudisha ulipoishia. Ukizima mashine, unaanza sehemu nzima upya. Gemu nyingi za mashine hiyo zilikuwa zimeshalitatua jambo hili.

Wakati nao haukuihurumia. PlayStation iliingia sokoni Marekani Septemba 1995, na Novemba ikapata Doom yake, yenye sakafu kamili na taa za rangi. Kaseti nyekundu ikazeeka ingali mpya.

Mwaka 2020 Linden aliuweka msimbo wake wote hadharani, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba ameirudia kazi yake kuiandalia toleo lililoboreshwa, likiwa na hatua zilizoachwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Anayetafuta burudani ya jioni moja, Doom nyingine zipo na ni bora. Anayetaka kujua fundi mmoja aweza kutoa nini kutoka kwa mashine duni, aifungue hii, atazame ile sakafu tupu, na ajue kwamba kila kilichokosekana kilitolewa ili kingine kipate nafasi.