Watoto 36 wa Mulago

Mtoto akizaliwa amechoka, halafu akalia, tunasema imeisha. Bado. Damu yenye hewa ikirudi kwenye ubongo seli zinapata nafuu, kisha baada ya masaa kadhaa zinaanza kufa tena.

Nchi tajiri zilipunguza madhara hayo kwa kumpoza mtoto siku tatu. Mwaka 2007, hapa Kampala, hospitali ya Mulago ikajaribu kwa watoto 36, kwa chupa za maji tu, bila mashine ya bei kali. Kupoza kuliwezekana, ila waliopozwa walikufa wengi zaidi. Watoto walikuwa wachache, ndiyo maana wengi hawakukata tamaa. Mwaka 2021 yakatoka majibu ya India, Sri Lanka na Bangladesh, watoto 408: waliopozwa walikufa asilimia 42, wasiopozwa 31. Basi mkunga anafanya yaleyale: anamkausha, anampa joto, anampulizia hewa kwa mfuko na maski ndani ya dakika ya kwanza.